Pipa Lililosema

Fabakary Jassey alikikataa kiti. Alisema kiti cha polisi humfanya mtu aseme hata asichokijua, akaketi sakafuni, miguu kaikunja, kanzu yake ya buluu imeshika vumbi la siku alizokaa mahabusu.

"Kaa utakavyo," Inspekta Sirreh Kujabi alimwambia. "Ila leo utasema."

"Nimeshasema. Sijafungua pipa la mtu."

"Sasa ulijuaje?"

Swali hilo lilikuwa linaulizwa kutoka Banjul hadi Basse. Fabakary alikuwa mtabiri wa uchaguzi. Hakupiga bao wala kutazama nyota. Katika nchi ile kura ni gololi inayotumbukizwa kwenye pipa lenye rangi ya chama, naye alizunguka kwenye magulio na makopo yake ya rangi, akawapa watu gololi wapige kura ya mchezo, kisha akahesabu na kwenda kutangaza redioni. Miaka ya mwanzo watu walimcheka. Siku hizi walimwogopa, maana hajawahi kukosea. Na sasa, Jumamosi ikiwa inakaribia, siku ya kuchagua Bunge zima, alikuwa ametangaza kwamba Chama cha Chungwa kitalichukua Bunge na Chama cha Waridi kitabaki kupiga miayo kwenye viti vya nyuma.

Kutabiri peke yake si kosa. Kosa lilikuwa Bulokunda. Katika uchaguzi mdogo wa huko, mwanzoni mwa kiangazi, Fabakary alitoa matokeo redioni adhuhuri, watu wangali foleni. Jioni mapipa yalipofunguliwa, yakawa yale yale. Wiki haikuisha, wanawake wa Bulokunda walioipigia Waridi wakaondolewa kwenye mashamba yao ya mpunga bondeni. Hawakuondolewa wote wa kijiji. Waliondolewa wao tu, na hakukosewa hata mmoja. Kuna mtu aliijua kura ya kila mama. Asipopatikana kabla ya Jumamosi, wanawake wa bonde lile wataingia kupiga kura kama mtu anayevuliwa nguo sokoni.

Koplo Waly Ndure, aliyekuwa ameegemea mlango, alikohoa. "Mtani wangu, niachie mimi huyu. Nyie Wajola mnahoji kama mnasubiri wali uive."

"Nyamaza, mtumwa wangu. Mserer akihoji, mshitakiwa hulala usingizi."

Fabakary alicheka bila kupenda. Utani wa Wajola na Waserer haujali cheo wala mahabusu, na Sirreh aliuachia makusudi. Mtu akishacheka mbele yako, kukunyamazia tena ni kazi.

"Ulijuaje, kaka yangu?" aliuliza, safari hii taratibu.

"Kwa masikio."

"Hebu nieleze."

"Nilikuwa nimekaa barazani kwa alkalo, mkuu wa kijiji, mkabala na zahanati walipopigia kura. Nakunywa ataya, chai yangu kali. Kila mtu akitumbukiza gololi, kengele ya ndani ya pipa inalia, si ndiyo? Walipopita watu kadhaa nikagundua kuna milio miwili. Mmoja ni kling, kisha kimya. Mwingine ni kling, halafu..." Alitafuta neno, akalikosa, akakwaruza sakafu kwa kucha. "Hivi. Kama mtu anayekanyaga makapi."

"Ukajuaje lipi ni la nani?"

"Mama mzazi wa mgombea wa Waridi aliingia. Ikalia kling, ikakwaruza. Sasa Inspekta, mama atamnyima mwanawe kura? Kuanzia hapo nikawa nahesabu tu."

"Ukayatangaza."

"Nilitangaza hesabu! Sikutaja jina la mtu." Sauti yake ilipanda, kisha ikaanguka. "Nilidhani pipa bovu. Na mimi ni binadamu, nilipenda kuwa wa kwanza."

"Na majina ya wale akina mama nani aliyapeleka?" Waly aliuliza. "Au ataya ndiyo iliyosema?"

Fabakary alipangusa vumbi la kanzu yake. Waly alimtazama bosi wake kwa macho ya kusema huyu ndiye, tusizunguke mbuyu. Wafuasi wa Waridi walikuwa na imani hiyo hiyo; walikwisha kuipiga mawe nyumba yake, na mkewe akakimbilia kwao.

*

Mapipa ya Bulokunda yalikuwa yamefungiwa kwenye ghala la wilaya, na ufunguo alikuwa nao Bi Horeja Secka, msimamizi wa uchaguzi. Alikuwa mama mnene, mwenye hasira za mtu mwaminifu anayeshukiwa.

"Kengele zote zimetoka duka moja," alisema hata kabla hajaulizwa. "Kengele za baiskeli. Na siku ya kura haipiti baiskeli karibu, tunaifukuza, isije ikalia mtaani watu wakadhani kuna aliyepiga kura mara mbili. Tunalinda mlio kuliko mnavyolinda nyie benki."

"Sijasema umekosa, mama. Nataka kusikia."

Waly akalifungua pipa la chungwa na la waridi, akayachungulia yote mawili, akayafunga. Sirreh akatumbukiza gololi kwenye bomba la juu ya pipa la kwanza. Kling, na baada yake kishindo kikavu cha gololi ikigonga bati. Akatumbukiza kwenye la pili. Kling, na kishindo kile kile. Walirudia wakiwa nje ya mlango, wakarudia wakiwa wamefumba macho. Hapakuwa na tofauti yoyote.

"Basi," Waly alisema. "Mtabiri katutungia hadithi. Aliyauza majina mwenyewe, sasa anatuletea habari za makapi. Turudi tukamkaange vizuri."

Sirreh hakutoka. Kilimsumbua kile kishindo. "Mama, siku ya kura gololi inaangukia bati hivi?"

"Ikiangukia bati si itadundadunda, watu wasikie milio mitatu? Tunaweka mchanga chini, inazama kimya."

"Tuanze upya. Fanya kila ulichofanya asubuhi ile, na mimi nitakuwa wakala wa Waridi."

Bi Horeja alipandisha mikono ya nguo yake. Alilipindua pipa kuonyesha ni tupu, akamlazimisha Sirreh atie mkono hadi begani, akamwonyesha kengele, akaipiga kwa kidole. "Mawakala wameridhika. Hapo tunamwaga mchanga. Kisha tunafunga, tunatia lakiri, kila wakala anaweka alama yake."

"Mchanga mnatoka nao hapa?"

"Tubebe mchanga kwenye gari? Mchanga huletwa na mwenyeji. Kama maji ya kunywa, kama mikeka ya kukalia."

"Na nani anaukagua?"

Bi Horeja alimtazama kama mtu aliyesikia tusi. "Mwanangu, ukifika kwa watu, mwenyeji akakuletea kibuyu cha maji, unakinusa kwanza? Alkalo aliuleta mwenyewe, kwa mikono yake, vibuyu viwili. Umechekechwa, safi. Mawakala wote walimshukuru. Wa Waridi ndiye aliyeshukuru zaidi."

Bi Horeja alikuwa wa kwanza kuelewa alichokisema, akaketi juu ya pipa la waridi na kushika kichwa.

"Vibuyu viwili," Sirreh alisema. "Kila pipa na chake?"

"Kila pipa na chake."

"Na baada ya kuhesabu, mchanga mliupeleka wapi?"

"Tuliumwaga. Nyuma ya zahanati. Nani anatunza mchanga?"

*

Hata kama umekuja kumkamata mtu, kijijini unapita kwanza kwa alkalo na kola zako mkononi, zile kokwa chungu za heshima. Sirreh alinunua kola nyekundu na nyeupe, akampa Waly azibebe, na mapipa mawili wakayaacha kwenye gari yamefunikwa turubai.

Alkalo Malang Dampha aliwapokea vizuri mpaka ikachosha. Aliuliza hali ya nyumbani kwao, ya kazini kwao, ya mkuu wao wa kazi, ya wakwe. Alikuwa mzee mwembamba, amenyoa safi, na alipomsikiliza mtu aliinamisha kichwa upande mmoja. Aliagiza waletewe domoda, wali na mchuzi wa karanga, wakala kwa adabu wote watatu kutoka bakuli moja, na kila mara alikuwa akimsukumia Sirreh nyama.

"Mpe na mtumwa wangu," Sirreh alisema.

"Mimi nimeshiba, baba," Waly alimwambia alkalo. "Mpe yeye. Mjola hali nyama, anaisindikizia wali tu."

Mzee alicheka hadi akafuta macho. Kisha akasema, kwa upole ule ule, kwamba suala la mashamba ni la kijiji, ardhi ya bondeni ni ya walioianzisha, yaani ukoo wake, na wenyewe humpa wampendaye.

"Hatujaja kwa mashamba, baba. Tunaomba ruhusa ya kuzunguka."

"Kijiji chenu."

Nyuma ya zahanati palikuwa na kuku, kamba ya nguo, na mwanamke anayepepeta kwa ungo. Jina lake lilikuwa Tida Manneh. Sirreh alimsalimu kwa magoti, akaketi naye, akamsaidia kupepeta kabla ya kumuuliza chochote.

"Na wewe walikuondoa, mama?"

"Miaka yote niliyoolewa hapa nalima kipande kile. Nimewalea watoto wangu kwa kipande kile." Tida hakuacha kupepeta. "Siku ile naingia peke yangu, nashika gololi, namwambia Mungu wangu, namchagua huyu. Hata mume wangu sikumwambia. Kesho kutwa nafika bondeni nakuta mtu mwingine anasafisha majani. Nikauliza, kulikoni? Akaniambia, kaulize pipa."

"Siku ile alkalo alikuwa amekaa wapi?"

"Si alikuwa na mtungi, chini ya lile dirisha. Anatupa maji tukitoka, kwa mkono wake, na jua lile. Tukasema, tuna bahati ya mzee." Ungo ukasimama. Tida alilitazama dirisha, akamtazama Sirreh, na uso wake ukabadilika pole pole.

Mvua ilikuwa bado, na kilichomwagwa kilikuwa pale pale ukutani. Ilikuwa mirundo miwili. Mmoja ulikuwa mchanga mtupu, laini kama unga wa mtama. Kuku walikuwa wameuacha, ila mwingine walikuwa wameuchimba na kuutapanya, na bado walikuwa wanaudonoa. Sirreh aliinama akachota. Juu ulikuwa mchanga, chini vipande vyembamba, vyeupe, vyenye makali. Mama yake aliuza chaza barabarani mpaka alipostaafu. Sirreh aliukuta mkono wake unavijua kabla ya macho.

"Makombe," alisema. "Makombe ya chaza, yamepondwa."

"Mtani, hapa kila nyumba inawapondea kuku makombe," Waly alisema. "Wakili atatucheka. Atasema mama mmoja alimwaga chakula cha kuku."

"Leta mapipa."

Walimwaga mchanga mtupu kwenye la chungwa, na ule wa makombe kwenye la waridi. Sirreh akaenda kusimama chini ya dirisha, mahali pa mtungi. Ndani ya zahanati, Waly akatumbukiza. Kling. Kimya. Akatumbukiza tena. Kling, na nyuma yake mkwaruzo mdogo, mkavu, wa kitu kinachotafuta pa kulala.

Tida Manneh, aliyekuwa bado na ungo wake, alijifunika uso kwa kitambaa.

*

Alkalo hakukana. Hilo lilimuudhi Sirreh kuliko uongo wowote.

"Nilileta mchanga," alisema. "Sikuuficha. Mbele ya mawakala, mbele ya polisi, mbele ya msimamizi. Kuna aliyetia mkono? Kosa langu ni lipi, Inspekta, kuwa na wageni wenye adabu?"

"Kosa lako ni kusikiliza kura ya mtu. Na kumnyang'anya shamba."

"Unajua daraja la Jalinto lilijengwa mwaka gani? Halikujengwa. Kila Bunge sisi tuko upande wa wanaopiga miayo. Wajawazito wetu wanavuka maji na mikokoteni. Huyu Fabakary alikuja gulioni na makopo yake, akaja kulala kwangu, akaniambia, mzee, Bunge lijalo ni la Chungwa. Mtu asiyekosea! Nikajiuliza, nikiwaachia hawa akina mama, kijiji changu kitakaa wapi tena miaka mitano?" Alinyoosha kidole upande wa maji. "Nimewazika watu kwenye yale maji, binti yangu."

"Na ujanja wa makombe ulikufundisha nani?"

Alkalo aliinamisha kichwa upande. "Usiku ule ule, kwenye ataya. Alikuwa anajisifu. Akasema kazi yake ni ngumu kwa sababu mapipa yote yana sauti moja. Yangekuwa na sauti mbili, asingehitaji hata kuhesabu. Alisema kwa mzaha. Mimi nilikaa nikawaza."

Waly akamtia pingu, lakini kwanza akamwomba radhi, maana alikuwa amekula chakula chake.

*

Fabakary aliachiwa. Sirreh alipomweleza kilichotoka kwenye mzaha wake, aliketi tena sakafuni, ingawa sasa hakuna aliyemlazimisha kukaa popote.

"Niambie nifanye nini," alisema.

"Utabiri wako umesimama juu ya hofu ya watu. Sasa siri imerudi. Nenda kapime upya, kisha uwaambie watu redioni kwamba Bunge liko wazi, kila mtu achague."

"Nikipima nikakuta vinginevyo, nitasema."

Alikuwa mnyofu kwa namna yake, na hilo Sirreh alilipenda.

Siku ya gulio la Bulokunda, wakati alkalo yuko ndani, Sirreh mwenyewe alileta mchanga, gunia moja, toka machimbo ya mbali. Aliumwaga mbele ya wanawake wa bondeni, akawataka waupitishe mkononi, wauchekeche upya, hata wauonje kama wanataka. Wakafanya hivyo, wengine wakacheka. Makopo ya Fabakary, sasa yametiwa kengele ndani, yakajazwa. Waly aliyatikisa, akatumbukiza gololi moja moja, akawauliza lipi ni lipi. Hakuna aliyejua. Bi Horeja Secka, aliyekuja kwa gari lake mwenyewe, aliapa kwa jina la marehemu mama yake kwamba Jumamosi mchanga wa wilaya nzima utatoka kwenye gunia moja, na yeye atalilalia.

Walitundika shuka. Mwanamke mmoja mmoja akaingia nyuma yake na gololi yake. Kling, kimya. Kling, kimya. Sirreh alisimama mbali na kusikiliza, na mlio ulikuwa mmoja, safi kabisa, hauna jina la mtu. Alijisikia vizuri kwa mara ya kwanza tangu akabidhiwe kesi ile. Waly alimsogelea akamnong'oneza, "Mtani, leo nakuacha huru. Rudi kwenu."

Fabakary akamwaga makopo kwenye mkeka.

Gololi za chungwa zilikuwa rundo. Za waridi zilienea kwenye kiganja kimoja, na kiganja chenyewe hakikujaa.

"Hapana," Sirreh alisema. "Kuna kitu kimechezewa." Aliupekua mchanga uliomwagwa mkekani, akatia mkono kwenye kopo, akakwangua bati la chini. Mchanga ulikuwa mchanga. Alipoinua macho, Tida Manneh alikuwa amesimama mbele yake.

"Usiwatafute wengine, mwanangu. Na mimi nimetia kwenye chungwa."

"Kwa nini, mama? Umesikia mwenyewe. Hakuna mtu anayeweza kujua."

"Nimesikia."

"Alkalo tumemfunga."

"Shamba hamkulifunga. Liko kwa mdogo wake." Tida alisema bila hasira, kama anayemweleza mgeni njia. "Jana amepita nyumba kwa nyumba. Hakututisha. Alisema tu, safari hii hatamsikiliza mtu mmoja mmoja. Atangoja jumla ya kijiji. Waridi ikipata hata kura za kuhesabika kwa vidole, bonde lote linafungwa kwa wanawake wote. Sasa mimi nichague, halafu jirani yangu alale njaa?"

"Tutamkamata na yeye. Hilo ni kosa kubwa zaidi."

"Mkamateni. Kesi itaisha lini?"

Sirreh alikung'uta mchanga mikononi.

"Mpunga hausubiri mahakama," Tida alisema. "Mvua ya kwanza ikinyesha, nataka miguu yangu iwe kwenye tope."

Alichukua ungo wake akaenda kuungana na wenzake, waliokuwa wanaondoka kimya kimya bila kutazamana. Waly alitoa kofia, akairudisha kichwani. Bi Horeja alikuwa bado ameshika mdomo wa gunia la mchanga, amelikaza kwa mikono yote miwili.

Simu ya Fabakary ikaita. Walikuwa watu wa redio. Sauti ya mtangazaji ilisikika hadi pale walipokuwa wamesimama, changamfu, ikimpongeza kwa kuachiwa, ikimuuliza je, mtabiri wetu, nani atalichukua Bunge Jumamosi.

Fabakary alimtazama Sirreh, simu ameishika kifuani.

"Waambie ulichokikuta," Sirreh alisema, akageuka kando ili asionekane uso.

"Chungwa," Fabakary alisema. "Ni kama nilivyosema mwanzo."